Gogo la Baba Mkwe

Kutoa upepo kwenye breki ni kazi ya watu wawili wanaoaminiana. Mmoja analala chini ya gari na spana. Mwingine anakaa kwenye kiti cha dereva na kutii. Wa chini anasema "kanyaga", wa juu anakanyaga na kujibu "nimeshika". Wa chini analegeza nati, mafuta yanatoka na mapovu yake, anakaza, anasema "achia". Basi. Ni kama ndoa, ila kwenye ndoa hujui ni nani yuko chini ya gari.

Utani huo niliutumia jukwaani mara nyingi, na watu walicheka. Siku hizi siutumii.

Siku iliyonifanya niuache, jua lilikuwa limeshuka nyuma ya ukuta wa jirani. Mimi nilikuwa chini, mke wangu juu. Gari ni lile kubwa la baba mkwe, la kifahari enzi zake: viti vya ngozi, mbao za kung'aa kwenye dashibodi, magurudumu yote manne yanavuta, na badala ya springi lina mifuko ya hewa. Ukibonyeza kitufe linajinyanyua lenyewe, mtu anapenya chini bila jeki. Ukiliacha limelala, asubuhi unalikuta limechuchumaa upande mmoja, maana mifuko imezeeka. Mzee alilipenda kuliko sisi wakwe zake wote, na simlaumu. Gari halikumwomba chochote ila vipuri. Alipofariki likabaki uani, na kwa kuwa mimi na mke wangu tunaishi hapo hapo kwake, matengenezo yakaniangukia mimi. Kesho yake mama mkwe alikuwa na miadi ya macho kwenye hospitali ya mbali, njia yenyewe mteremko mrefu. Pedeli ya breki ilikuwa laini kama mkate uliolowa.

Mzee alikuwa na sheria moja. Hakuna mtu kuingia chini ya gari lile kabla ya kuweka gogo. Gogo lenyewe ni kipande cha mti mgumu, kimo chake kinafika gotini, na juu kina kovu pale chesisi inapokaa. Hewa ikiamua kutoka haikuagi, ndivyo alivyotuambia. Kisha akapata kiharusi. Mdomo ukapinda, mkono wa kushoto ukafa, spana ikamshinda. Lakini alikaa dirishani, na kila akiona miguu yangu inaingia chini ya gari, aliuliza kwa ule ulimi mzito: "Umeweeka... gogo?"

Sauti hiyo naiweza. Naiweza mno. Hawaniiti Kasuku bure. Navuta mdomo upande, naacha ulimi uanguke, naongeza mate kidogo... shemeji zangu walikuwa wakigaragara sakafuni. Tulimzika, na wiki ile ile wakaniomba sauti, nikawapa. Mke wangu aliniambia baadaye kwamba mama yake aliisikia kupitia ukutani, akainuka kitandani kwenda kumpelekea mumewe maji.

Sasa gogo. Tangu mzee aondoke, mama mkwe amelifanya kiti. Jioni anakaa juu yake mlangoni pa jikoni, haongei na mtu. Na jioni ile alikuwa amekaa. Ili nilipate ilibidi nimwendee, niiname, niseme, Mama, naomba uinuke. Mkwe gani anamwinua mama mkwe kwenye kiti? Hiyo ndiyo sababu niliyojipa. Ukweli ni kwamba sikuweza kumtazama usoni.

Nikabonyeza kitufe, gari likajinyanyua, nikaingia chini bila gogo.

Gurudumu la kwanza lilienda vizuri. Kanyaga. Nimeshika. Achia. Ila mke wangu alikuwa kimya tangu asubuhi. Alikuwa amefua mashati ya baba yake ili yagawiwe, na bado yalikuwa yananing'inia kwenye kamba, mikono chini. Mimi mtu akinyamaza naona ni ukumbi usiocheka. Siwezi kuuvumilia. Nilipohamia gurudumu la pili nikapinda mdomo, nikaita kutoka chini:

"Umeweeka... gogo?"

Hakucheka.

Milango ya magari yale hufungwa bila kelele. Ni moja ya sifa zake.

"Kanyaga," nikasema, kwa sauti yangu.

Nikausikia mpira wa breki ukikaza chini ya vidole vyangu. Hakujibu "nimeshika", nikajua kanuna. Nikalegeza nati, mafuta yakaruka. Achia. Kanyaga. Kazi ikaenda, tena ikaenda vizuri kupita kawaida. Mguu ule ulikuwa mzito na mtulivu, mguu wa mtu anayelijua gari lake...

Ndipo harufu ikanifikia. Si mafuta. Dawa ya kuchulia, ile kali inayopanda puani mpaka machozi. Ile tuliyokuwa tukimsugulia mzee mkono uliokufa.

"Kanyaga."

"Nimeeshika..."

Nilicheka. Jamani, nilicheka. Nilidhani mke wangu kaamua kunijibu kwa mchezo wangu mwenyewe. Nikamwambia kapatia, ila aongeze mate. Nikageuza shingo nipate upepo, nikachungulia uani.

Miguu ya mke wangu ilikuwa kule kwenye kamba ya nguo. Ndala zake za bluu. Alikuwa akianua mashati.

Tssss...

Juu yangu, kitu kilianza kuvuja.

Nikajisukuma nitoke, bega likanasa kwenye chuma. Na kutoka kwenye kiti cha dereva sauti ikauliza, bila haraka:

"Umeweeka... gogo?"

Hapo ndipo mwili uliponisisimka wote. Maana haikuwa sauti ya mzee. Mzee alikuwa akijitahidi, maskini. Kila neno alilisukuma kama mtu anayepandisha mkokoteni mlimani. Sauti hii haikujitahidi. Ilikuwa na mate ya kuongezea. Ilisimama kidogo kabla ya "gogo", pale ninaposimama mimi ili watu wajiandae kucheka.

Ilikuwa ya kwangu.

Gari likashuka. Chuma kikagusa kifua, kikatulia, kikaongeza. Pumzi nikawa naivuta kwa kijiko. Nikamwita mke wangu... na kilichonitoka mdomoni ni, "Mwaa... nanguu... nishaidie." Nusu ya midomo haikuwa yangu tena. Ulimi ulilala kama soksi iliyolowa. Nikajikaza niongee kama mimi. Kadiri nilivyojikaza, ndivyo nilivyozidi kufanana na mzee.

Ndala za bluu zikasimama. Zikasogea. Nikaona mkono wa shati ukining'inia karibu na goti lake.

"Nimeshika mashati yake," akasema taratibu. "Hata leo huwezi kuacha?"

"Nishaidie..."

Ndala zikageuka. Zikaingia ndani.

Nimewahi kuzomewa. Nimewahi kurushiwa viatu jukwaani, vya mguu mmoja mmoja, hata havinifai. Lakini hakuna ukumbi uliowahi kuniacha namna ile. Na hakukosea. Angejuaje? Mimi mwenyewe ndiye niliyemfundisha kutoniamini.

Nikalia. Nililia kwa sauti ya marehemu. "Mama... Mama... shijaweka gogo..."

Gudu... gudu... gudu...

Kitu kizito kilikuwa kinabingirika kwenye saruji. Mama mkwe, na macho yake mabovu, alikuwa akipapasa ukuta kwa mkono na kulisukuma gogo kwa mguu. Hakuja kwangu. Alikwenda moja kwa moja kwenye dirisha la dereva, akaongea kwa ile sauti ndogo ya mtu na mwenzake chumbani.

"Gogo limefika, mume wangu. Nyanyua kidogo."

Kompresa ya kujazia mifuko hewa ikanguruma. Gari likajinyanyua. Mlango haukufunguliwa, miguu ya mama nilikuwa naiona pale pale nje. Akalisimamisha gogo, akalisukuma chini ya chesisi, na gari likashuka juu yake polepole mpaka likakaa kwenye kovu.

"Toka, mkwe," akaniambia. "Na usimtazame."

Nilitoka kwa tumbo. Sikutazama. Suruali yangu ilikuwa imelowa, na si kwa mafuta ya breki. Macho ya mama mkwe hayaoni vizuri, lakini pua anayo. Akageuza uso upande kwa heshima. Heshima ile iliniumiza kuliko chuma.

Asubuhi fundi umeme wa magari aliniambia swichi ya kompresa imeingia maji, inajiwasha ikitaka. Daktari aliniambia mshipa ulibanwa shingoni, ndiyo maana mdomo umepinda, utarudi. Na kweli ulirudi. Nilipomuuliza fundi nani angeweza kukanyaga pedeli, alidhani natania, watu wote hudhani natania. Akasema tu kwamba aliyetoa upepo anajua kazi, maana magurudumu yote manne yako safi.

Mimi niliishia la pili.

Mke wangu ndiye aliyeendesha kwenda hospitali. Kwenye mteremko breki zilishika bila wasiwasi. Nilimweleza yote, mdomo wangu ukiwa bado upande, na ndiyo maana sikujua kama anasikia habari au anasikia mchezo. Alinisikiliza mpaka mwisho. Hakusema ananiamini. Hakusema haniamini.

Siku hizi gogo halitoki chini ya gari. Mama mkwe nimemtafutia kiti chenye mto. Jua likishuka, kompresa inanguruma yenyewe, kisha kutoka nyuma ya vioo vilivyofungwa inakuja sauti. Si ya mzee, wala si ya mzee ninavyomwiga. Ni yangu halisi, ile niliyoitafuta chini ya gari nisiipate.

"Mama... nisaidie. Sijaweka... gogo."

Na kilio chote, na kamasi katikati. Inasimama kidogo pale pale inapotakiwa kusimama.

Mzee ananiiga. Ananipatia kuliko nilivyompatia.

Juzi nilikuwa sebuleni ilipoanza. Nikaziba masikio, lakini nilichelewa. Kutoka jikoni nikamsikia mke wangu, ambaye sijamwona hata akitabasamu tangu tumzike baba yake.

Alikuwa akicheka.