Jibu la Kwanza Tangu Tujuane

"Mimi ndiye fisi, naja kula uji wako," mzee alisema kwenye simu, kaziba mdomo kwa leso, sauti inakwaruza. Upande wa pili mjukuu alicheka hadi akapaliwa.

Mkewe alikuwa anakunja nguo. Mikono ikasimama.

Miaka ishirini alikuwa opereta wa simu hospitalini, na madaktari walimtania kwamba anamjua mtu hata kwa chafya. Sauti hii aliisikia mara moja tu, miaka thelathini na mmoja iliyopita. Ilijitambulisha kuwa baba mdogo wa mchumba wake wa wakati huo, kijana fundi redio aliyekwenda kusoma mbali, ikasema kijana kaoa huko, asimsubiri. Alilia wiki nzima. Aliyembembeleza alikuwa karani wa mapokezi pale pale hospitalini, huyu huyu mzee, na ndiye aliyemwoa. Ile simu akaisahau kabisa. Sasa ilimrudia nzima.

"Kata simu."

"Nimalizane na mtoto kwanza."

"Kata, Baba Watoto. Ulinipigia wewe."

Mzee alikata, akacheka, akauliza uzee umeanza kumchezea lini. Mkewe akayarudia maneno yote ya siku ile, moja baada ya jingine. Kicheko kikaisha. Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Ya huyu ilifika miaka thelathini na mmoja.

"Nilikupenda," alisema. "Mwenzangu alikuwa mbali, nikaona nisipofanya kitu nitakukosa."

"Na barua zake? Si zilipitia mapokezi?"

"Nilizichoma. Nikamwandikia kwamba umeolewa."

Mama wa watu akaketi juu ya nguo alizokwisha kunja.

"Uliniliza wewe, ukanifuta machozi wewe. Na mimi kila siku namshukuru Mungu kwa kunipa mtu mwema."

"Lakini tumeishi vizuri, mke wangu. Hata hilo unalikana?"

"Silikani. Ndilo linaloniuma. Pengine ningekuchagua mwenyewe, lakini hukuniacha nichague."

Mzee akapiga magoti, magoti yenyewe mabovu, akaomba msamaha. Mkewe hakumwinua. Alikwenda kufungua mlango.

"Nenda kwa kaka yangu, umweleze yote kwa mdomo wako. Kisha uje kuniposa upya."

"Na ukinikataa?"

"Utakuwa umepata jibu langu. La kwanza tangu tujuane."