Risasi Iliyovunja Mfungo

"Mkate umeungua, Shangazi."

Sauti ilitoka ndani ya mtungi.

Yeshareg alikuwa amepiga magoti chini ya nguzo ya simu, kichwa chake kimezama nusu ndani ya mtungi wa udongo, kama mwanamke anayetafuta ufa. Mtungi haukuwa na maji. Ulikuwa na simu ya fundi wa waya, mali ya jeshi la Italia, iliyoibwa mwaka jana. Nyaya zake mbili zilipanda nguzoni kwa ufito wa mwanzi na kunasa juu kwa kulabu.

"Wangapi wamekula?" aliuliza.

"Wanne. Watatu walikufa palepale. Wa nne bado anapumua, ila hana uso."

"Mkate wa nani?"

Waya ulivuma.

"Wanasema ni wako, dada."

Huyo alikuwa Getahun, mpokea simu wa ngome ya Dembecha. Mchana kutwa aliwaunganisha maofisa wa Kiitalia. Walinzi wake walipokwenda kunywa kahawa, aliwaunganisha watu wengine.

"Fitawrari anamtaka mpishi aliyeharibu unga," Getahun alisema. "Kabla ya Jumamosi. Asipompata, atamchukua aliye karibu."

"Yaani mimi."

"Yaani wewe. Kamba ipo tayari."

Alinasua kulabu, akajitwika mtungi na kushuka mtoni bila haraka. Lori la Fiat lilipita limejaa askari. Hakuna aliyemtazama.

Hawakumtazama kwa sababu alikuwa binti wa wafua chuma. Jimbo zima la Gojam liliamini kwamba jicho la mfua chuma likitua juu ya chakula, tumbo la mlaji litaoza. Alipopita, watu walifunika sinia zao na kugeuza nyuso. Kwa jasusi, hilo lilikuwa vazi bora kuliko sare yoyote.

Kazi yake ya pili ilikuwa risasi, ule "mkate" wa kwenye simu.

Wapiganaji wa Fitawrari Teshager, mkuu wa waasi wa milimani, walikuwa na bunduki za Gras za Kifaransa, ambazo watu waliziita wujigra. Risasi zake zilikuwa nene kama kidole gumba, na hapakuwa tena na kiwanda kilichozitengeneza. Kwa hiyo kila ganda la shaba lililotupwa liliokotwa kama yai. Yeshareg aliyasugua kwa majivu na limau. Aling'oa fataki iliyokufa kwenye kitako cha ganda, akajaza kikombe chake upya kwa unga wa vichwa vya viberiti. Aliweka baruti nyeusi aliyoisaga mwenyewe, akaikandamiza, akaifunika kwa kisahani cha nta ya nyuki. Juu yake aliketisha risasi ya madini ya risasi, imeviringishwa karatasi na kupakwa nta.

Kila ganda lilijazwa kwa sala moja ya Baba Yetu.

Nta, daima nta. Wujigra hupiga risasi moja tu, kisha lazima ipakiwe upya. Mpiganaji mwepesi hubana ya pili kwa meno yake. Na huu ulikuwa Mfungo Mkuu, wiki ya sita. Hakuna nyama, hakuna maziwa, hakuna siagi. Yeshareg hangekubali mwanamume afe na mafuta ya ng'ombe mdomoni.

Jumamosi watu mia mbili wangeshambulia daraja la Temcha. Wote kwa risasi zake.

Jioni hiyo mjumbe alimletea kitambaa chenye damu. Ndani yake mlikuwa na risasi tatu kutoka kwenye mkanda wa mmoja wa wafu.

Aliilamba ya kwanza. Nta.

Ya pili. Nta.

Ya tatu.

Alitema. Alisukutua mdomo mara tatu, akapiga ishara ya msalaba, akamwomba Mungu msamaha. Kisha akaitazama ile risasi kama mtu anayetazama nyoka mkekani.

"Mafuta ya ng'ombe," alimwambia mjumbe. "Aliyeijaza hii hafungi."

"Labda ni mtu wa sokoni tu."

Lilikuwa jambo linalowezekana. Soko la Dembecha lilizitumia risasi hizo kama chenji: kipimo cha dengu kwa risasi moja. Mtu yeyote angeweza kuziingiza pale. Yeshareg aliing'oa kichwa na kumwaga baruti kiganjani. Nyeusi, kavu, safi.

"Mbona hii ni nzuri?" mjumbe alishangaa.

"Ndiyo akili yake. Nyingi nzuri, chache za kifo, za kupasua bunduki usoni. Ukifungua kumi huoni kitu."

"Fitawrari hatakuua kwa sababu ya ladha, wala hatakuacha kwa sababu ya ladha. Anataka mtu, mama."

"Atampata."

*

Alhamisi asubuhi askari mmoja alisimama mbali na kibanda chake na kumrushia jiwe mlangoni.

"We jicho baya! Basha Wubneh anataka mkanda wake ung'ae. Njoo ngomeni. Na usiangalie uji wangu!"

Basha Wubneh alikuwa mwenyeji wa Dembecha aliyewauzia Waitalia upanga wake pamoja na watu sitini. Aliwinda waasi vizuri kuliko Waitalia wenyewe. Yeye pia alibeba wujigra, kwa majivuno tu, na mkanda wa risasi arobaini alizowavua waasi aliowaua.

Langoni askari walifunika shiro yao, mchuzi wa dengu, kwa vifuniko vya ukindu na kugeukia ukuta. Yeshareg alipita katikati yao akiwa na majivu na malimau. Walimketisha uani, mbele ya karakana ya silaha. Mlango ulikuwa wazi.

Alianza kusugua. Aliitambua ya kwanza kwa kidole tu. Alikuwa ameijaza yeye.

Askari alisimama juu yake na kuhesabu.

"Arobaini zimeingia, arobaini zitatoka. Ikipungua moja, nakata kidole."

"Kipi?"

"Chagua mwenyewe, mimi si mchoyo."

Karakanani Kapteni Ferrante, mwembamba, nywele zinang'aa, alikuwa akichovya risasi katika kopo la mafuta ya ng'ombe ya kutengenezea mishumaa. Mezani palikuwa na pipa la baruti nyeusi. Pembeni, juu ya pamba, palikuwa na chupa ndogo yenye unga wa njano. Kwa kila ganda la ishirini, alivaa glavu na kuinua ile chupa kwa vidole viwili.

Yeshareg aliendelea kusugua.

Basha Wubneh alisimama kando ya Kapteni, akitafuna kikonyo cha jani.

"Elfu moja na mia mbili," Ferrante alisema kwa Kiamhara chake cha shule. "Utasema umeliiba sanduku."

"Nitasema nimetubu." Basha alicheka. "Ni Kwaresima, Kapteni. Watu wanampenda aliyetubu."

"Wakikwambia upige moja, waone?"

"Nina mkanda wangu. Huo hapo unasafishwa."

Ferrante aligeuza macho, akamwona Yeshareg.

"Na huyu?"

"Huyo? Hiyo ni mali ya mfua chuma. Hata mbwa wangu ana masikio kumzidi."

Wakarudi kwenye mafuta yao.

Saa mbili baadaye askari alihesabu arobaini, akamtemea mate karibu na mguu badala ya malipo, akamfukuza. Jioni hiyohiyo Basha alitoka na nyumbu watatu na watu sita kuelekea milimani.

Yeshareg alikimbilia nguzoni. Mwanzi. Kulabu. Kichwa mtungini.

"Getahun. Sikia vizuri. Keki inakuja. Elfu moja na mia mbili. Anayeileta ni—"

Mlango uligongwa upande wa pili wa waya.

"Dada, toa kulab—"

Pigo. Kiti kilianguka. Getahun alisema neno moja, jina la mama yake. Kisha bastola ya Beretta ikalia mara mbili, karibu sana na kinywa cha simu, hata mtungi ukanguruma.

"Halo, Shangazi," sauti ya Ferrante ilisema taratibu. "Huko nje kuna baridi?"

Alinasua kulabu polepole, kama mtu anayetoa mwiba. Kila ujumbe wa mlimani ulipitia kwa Getahun. Sasa hapakuwa na Getahun.

Alianza kupanda kwa miguu. Alimwombea kwa hatua mia moja. Kisha aliacha, kwa kuwa mlima ulihitaji pumzi yote.

*

Alifika kambini Ijumaa kabla ya adhuhuri. Alichelewa.

Basha Wubneh alikuwa ameketi mkono wa kuume wa Fitawrari, kama bwana harusi. Sanduku lilikuwa wazi. Vijana walikuwa wakijaza mikanda na kucheka.

"Huyo hapo!" mtu alipiga kelele. "Mla watu!"

Walimkamata. Mtungi ulianguka ukapasuka, simu ikabiringika majanini. Kitanzi kilipita kichwani kabla hajapata pumzi.

Fitawrari Teshager alisimama. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Yule asiye na uso alikuwa mdogo wangu," alisema. "Alikufa alfajiri. Ilimchukua siku tatu."

"Mungu amlaze pema, bwana wangu."

"Usilitaje jina la Mungu."

"Mwanamke huyu nimemwona ngomeni," Basha alisema kwa huzuni nzuri. "Anaingia na kutoka. Kapteni anamlipa."

Watu walinguruma. Kamba ilivutwa. Yeshareg alisimama kwa vidole vya miguu.

"Neno moja," alisema kwa shida. "Basha amejiunga nanyi. Je, amejigamba?"

Fitawrari aliinua mkono. Kamba ikalegea kidogo.

Ilikuwa desturi ambayo hakuna mpiganaji angeiruka. Anayejiunga husimama katikati, hutaja ushujaa wake kwa sauti, kisha hufyatua risasi moja hewani. Asiyefanya hivyo ni mgeni tu.

"Bado!" vijana walipiga kelele. "Ajigambe! Basha, jigambe!"

"Tena apige kwa zawadi yake," Yeshareg alisema.

"Zawadi ni yenu," Basha alijibu haraka. "Siwezi kuwapunja hata moja. Nitapiga yangu."

Walimshangilia kwa ukarimu huo.

Alijigamba vizuri. Alitaja simba, alitaja farasi wa baba yake, alitaja maadui walioanguka bila kusema walikuwa upande gani. Alichomoa risasi inayong'aa mkandani, akaibana kwa meno, akafungua wujigra yake, akaipakia, akaiegemeza shavuni.

"Mkanda unang'aa, Basha," Yeshareg alisema.

Kidole kilisimama.

"Majivu na limau. Jana mkanda huo ulikuwa magotini mwangu kwa saa mbili. Na chupa ya unga wa njano ilikuwa hatua tatu kutoka kwangu." Alimeza mate chini ya kamba. "Piga."

Jasho lilitoka chini ya nywele za Basha, likashuka polepole hadi kwenye kitako cha bunduki. Shavu lake lilikuwa limegusa chuma. Alikuwa amewahi kuona kile unga wa njano unachofanya kwa shavu.

"Piga, Basha," Fitawrari alisema.

"Bwana wangu, huyu ni mchawi. Amezichezea."

"Angewezaje kuzichezea? Unga gani wa njano?"

"Sijui unga wowote."

"Basi piga."

Basha alishusha bunduki.

Kijana mmoja alianza kuchomoa risasi mpya mkandani mwake, moja moja, na kuziweka chini kwa uangalifu kama mayai. Wengine wakamfuata.

Fitawrari aliichukua ile bunduki, akaifungua, akaitoa risasi. Alimvua Yeshareg kitanzi kwa mkono wake mwenyewe, akampa ile risasi.

Aliilamba.

"Nta," alisema. "Hii ni yangu. Niliijaza kabla ya Krismasi. Haina kosa."

"Umebadili ngapi?"

"Hata moja. Askari wake alinisimamia akihesabu. Angepiga, mngeninyonga."

Basha alitoa sauti ndogo, kama mtu aliyekanyagwa.

Fitawrari aliiweka risasi katika bunduki yake na kuifunga. Wanaume wawili walimpigisha Basha magoti.

"Bwana wangu," Basha alisihi, "ni Kwaresima. Leo ni Ijumaa. Sisi ni Wakristo."

"Ndiyo," Fitawrari alisema. "Ndiyo maana hatutakula nyama."

Wujigra ilinguruma. Moshi mweupe ulitanda, ukanukia kibiriti na nta.

Ilikuwa risasi nzuri.

Yeshareg alitembea kupitia moshi, akaifungua bunduki mkononi mwa Fitawrari bila kuomba ruhusa. Ganda liliruka. Alilidaka likiwa bado la moto.

"Nipe wanawake kumi na nta yote mliyo nayo," alisema. "Tutamwaga baruti ya zile za sanduku na kuzijaza upya. Kesho darajani kila mtu atakuwa nazo za kumtosha."

"Keti kwanza ule," Fitawrari alisema. Alisita. "Ule pamoja nami."

Wanaume walitazamana. Hakuna aliyefunika sinia.

"Bado si saa tisa, bwana wangu. Nimefunga."

Aliokota simu majanini, akaifuta udongo kwa shuka lake, akalitia lile ganda kifuani.

"Na hilo?" Fitawrari aliuliza. "Ni la nani?"

"La mtu aliyeniuliza kama kuna baridi."

Akashika njia ya kwenye tanuru la kambi, midomo ikitembea. Baba Yetu moja, kwa ganda moja.