Ombi la Damu Lililobaki Njiani

Maiti ya Aimée ilikuwa bado juu ya kitanda cha kujifungulia, imefunikwa kitenge chake mwenyewe, Inspekta Adolphine Zagabe alipoingia katika zahanati ile ya Bagira. Mtoto alikuwa hai. Mama alivuja damu mpaka akaisha.

Nesi Noëlla alikuwa amekwisha kutiwa pingu. Familia ya marehemu ilisema nesi hakuomba damu, na ng'ambo ya ua, katika friji ya maabara, mfuko wa damu ya kundi la Aimée ulikuwepo, haujaguswa.

"Uliomba?"

"Niliomba ku mashine, maman inspekta. Iliandika: inangojea."

"Na haukuenda kugonga mulango?"

Noëlla alitazama chini. "Kila siku tunangojea, kisha wanatuambia damu hakuna. Nilifikiri ni vile vile."

Adolphine alimwamini, na hilo ndilo lililomvunja moyo. Lakini kuamini hakufungui pingu. Akamwita Thierry, fundi aliyeziweka kompyuta za zahanati.

Walianza na waya wa mtandao. Taa zake ziliwaka. Wakaiita maabara kutoka kompyuta ya wodi: kimya. Wakavuka ua, Noëlla akiwafuata na pingu zake, na Thierry akafungua ukurasa wa intaneti kwenye kompyuta ya maabara. Ukafunguka mara moja.

"Basi réseau iko, mutandao inafika," alisema Thierry, akijikuna kichwa.

"Ngoja. Inatoka mpaka mbali, lakini jirani akiiita haisikie?"

"Ndiyo."

"Nyumba gani hiyo, mwenyewe anatoka lakini mugeni haone mulango?"

Thierry akavuta kiti. Akaeleza polepole. Programu ya maabara ilikaa ndani ya kompyuta ya kuigiza, kompyuta ndani ya kompyuta. Yeye aliiunganisha kwa daraja, ili iwe na anwani yake yenyewe na wodi iione. Alipofungua mipangilio, daraja halikuwepo. Mashine ya ndani ilikuwa imefichwa nyuma ya anwani ya ile kubwa. Iliweza kuita, haikuweza kuitwa.

"Inaweza kujibadilisha?"

"Hapana. Ni mutu alichagua."

"Anapata nini?"

"Directeur alifunga intaneti ku anwani ya maabara, juu watu wasicheze ku kazi. Ukijificha nyuma ya anwani ya ile kubwa, unapita."

Aliyeketi pale siku zote alikuwa mmoja: Guylain, mpima damu. Alisimama mlangoni, koti jeupe mkononi. Alikuwa amesikia yote.

"Guylain, ulikuwa unatafuta nini huko inje?"

"Nitasema nini, maman?"

"Sema ile iko."

Hakukana. Alisema kama mtu anayetua mzigo asiotaka tena kuubeba.

"Bibi yangu Colombe alikimbia vita na mutoto wetu, wakapitia Kamanyola ku mupaka. Simu yangu askari waliichukua ku barrière ya barabara. Niliona Thierry siku moja anabadilisha ile kitu, nikafanya vile, nimuandikie Colombe ku intaneti. Nikimaliza narudisha."

"Leo haukurudisha."

"Leo niliona alama ku ujumbe wangu, kama mutu amesoma. Nikasema ngoja, atajibu sasa hivi. Nikabaki naangalia." Akaonyesha friji kwa kidole. "Frigo iko nyuma ya kiti yangu, maman. Ni kugeuka tu."

"Amejibu?"

"Hapana."

Adolphine alikuwa ameona simu nyingi zinazosomwa na watu wasio wenyewe. Alimfungua Noëlla, pingu zile zile zikamwingia Guylain. Nje, mume wa Aimée aliuliza ni nani, na alipoambiwa sababu, akaketi chini kwenye vumbi. Alikuwa ametafuta mtu wa kumchukia.

Wodini mwanamke mwingine alikuwa ameanza uchungu. Thierry alikwisha kupiga picha ya skrini kwa ajili ya ushahidi, na kidole chake kilikuwa juu ya kitufe cha daraja. Alimtazama inspekta.

"Rudisha," alisema Adolphine.

Daraja likarudi. Wodi ikaiona maabara. Intaneti ikakatika, na ukurasa wa ujumbe wenye jina la Colombe ukawa mweupe.

"Maman," alisema Guylain, akiutazama weupe ule, "akijibu, nani atasoma?"

Adolphine alimshika mkono, wakatoka.