Kopo la Misumari

Haya sikuyasikia mtaani. Alinisimulia mwenyewe rafiki yangu mshona nguo, mwenye mkono wa birika kupita wote niwajuao.

Alipobadilisha paa, alimpandisha fundi mzee darini anyooshe misumari ya zamani iliyopinda, eti itumike tena. Mzee akalia kifua kinambana.

"Hushuki mpaka umalize yote," akamjibu, akaondoa ngazi.

Jioni wakamshusha akiwa maiti, nyundo mkononi.

Mafundi wengine wakamalizia paa kwa misumari ya dukani. Wiki moja baada ya maziko, mchana kweupe, rafiki yangu akapanda na tochi kuzoa takataka walizoacha: vipande vya bati, mbao zilizooza, na kopo la yule mzee, limejaa misumari iliyopinda vilevile.

Humo darini giza totoro. Akazoa, akajaza gunia. Mara nyuma yake: ko. Ko. Ko. Akageuza tochi, kimya. Hapakuwa na mtu, ila lile kopo.

Akatumbukiza mkono. Misumari ilikuwa imenyooka kama mipya, tena ya moto. Akaimwaga yote ubaoni, akaipekua mmoja mmoja.

Uliobaki umepinda ulikuwa mmoja tu.