Faili la Picha ya Mama

Picha ya mama yao ilikataa kufunguka.

Ilikuwa hiyo moja tu, imebaki katika simu yake ya zamani, na wahudumu wa mazishi hapo mjini Tainan, Taiwan, waliitaka kabla ya saa kumi jioni, waiweke mbele ya jeneza.

"Dada, jina linaishia na jpg," alisema Ping-hung. "Si picha hiyo?"

"Hicho ni kibandiko. Nikikubandika 'tajiri' mgongoni, utatajirika?"

Su-yun alikuwa na miaka ishirini katika kazi ya kuokoa mafaili yaliyoharibika. Akafungua dirisha jeusi la amri kwenye kompyuta, akaandika amri ya kuliuliza faili aina yake halisi. Jibu: sauti. Akatazama baiti za mwanzo, moja moja. Sauti kweli. Siku sita tangu mama afariki, hakuwa amelia. Hata sasa hakuhisi kitu.

Akabadili kibandiko, akabonyeza.

Pumzi. Kisha harufu ya mafuta ya kuchua ya mama ikajaa chumbani mchana huo, na sauti yake ikaita, "Lu Su-yun."

"Naam," akaitikia, kwa mazoea ya kazini.

Ping-hung aliruka. "Umeitikia? Mwezi wa saba huu, dada, mwezi wa mizimu! Wafu wako nje!" Akashusha sauti. "Wanao unawakataza kila mwaka wasiitikie wasiyemwona."

"Ni mama."

"Mama alikuita A-Yun, tangu uzaliwe. Lini alikuita jina la kitambulisho?"

Su-yun aliandika amri ileile, kwa faili lilelile ambalo hakuna aliyeligusa, na mashine ikajibu kwamba ni tupu, baiti sifuri, na alipokuwa bado anaisoma sifuri ile akasikia ile pumzi tena, si kwenye spika bali nyuma ya kiti chake, nzito, ya mtu aliyetoka kupanda ngazi, akamwona mdogo wake anarudi kinyumenyume hadi mlangoni, macho yamekwama juu kidogo ya bega lake.

Simu yake ikalia. Akaiweka kwenye spika.

"Picha iko tayari?" aliuliza mhudumu.

Su-yun akafungua kinywa, lakini sauti ya mama ikamtangulia, sikioni pake kabisa.

"Picha ya nini, mwanangu? Nakuja mwenyewe."

"Haya mama," alisema mhudumu. "Tunakusubiri."