Bibi Teodora Yuko Ukutani

Odeta, yule dada wa sinema ya Mkuyuni anayekaa huku kwetu Kiseke, siku hiyo aliamka vizuri kabisa. Alikunywa chai kwa kiazi kitamu, akajipaka mafuta, akatoka na mwanaume mmoja mrefu wa Bukoba aliyebeba kamera. Wakaingia kwa Bibi Teodora, nyumba ya tatu. Majirani tukachungulia. Nani asingechungulia?

"Shikamoo Bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Huyu nani tena, mkwe?"

"Hapana Bibi! Huyu ni Venant, anatengeneza filamu. Anataka kukupiga picha ukibanika samaki. Kuna tamasha la filamu linakuja mjini, wageni wanataka kuona kazi za kina mama wa ziwani."

Bibi akaingia ndani, akavaa kitenge chake cha Pasaka. Akakaa kwenye moshi wa sato wake, akaieleza kamera jinsi alivyosomesha watoto watano kwa samaki wa kubanika, miaka arobaini, mpaka macho yakawa mekundu kama nyanya. Odeta akamtania kwamba Venant anatafuta mchumba na amempenda yeye. Bibi akacheka. Alicheka kwa nguvu mpaka akaonyesha jino lake moja la mbele, akapiga paja.

Kicheko hicho ndicho walichokuwa wanakitafuta.

Maana ukweli Odeta alikuwa anaujua. Filamu ya Venant ilikuwa ya kichawi, na kwa miezi miwili alihangaika kupata wa kuigiza mchawi. Kina mama wote walikataa. Huku kwetu bibi kizee mwenye macho mekundu hahitaji kuigiza, kesi yake iko tayari, watu wanasubiri kisingizio tu. Ndipo Odeta akasema kwa mdomo wake mwenyewe, "Mimi namjua mmoja. Tusimwambie."

Venant akatoa maneno yote ya Bibi, akaweka ngoma na kilio cha fisi. Picha akaitia wekundu. Ukiitazama filamu hiyo unaona ajuza katikati ya moshi, anainua kichwa polepole, anakutazama, anacheka.

Ilionyeshwa kwanza Mkuyuni kwenye ukumbi wa Odeta, ule uliokuwa ghala la pamba, ambao ukuta wake wa mbele uliopakwa rangi nyeupe ndio unaotumika kurushia picha. Watu walipiga kelele kwa raha. Waliotoka Kiseke walirudi kimya.

Wiki ile samaki wa Bibi walioza kwa kukosa wanunuzi. Gengeni Buswelu, kina mama aliokaa nao miaka yote walisogeza mabeseni yao. Kanisani benchi likabaki la kwake peke yake. Mawe yakaanza kuanguka juu ya bati. Binti yake akaja na bodaboda, akachukua wajukuu waliokuwa wanakaa na Bibi, hata chai hakunywa.

Bibi akaenda Mkuyuni kwa miguu. Alimkuta Odeta anabandika mabango.

"Mjukuu wangu, nitoe humo."

"Bibi, filamu ikishatoka..."

"Basi waambie. Simama tu mbele yao useme nilikuwa nabanika samaki. Useme mlinidanganya. Wewe watakusikiliza."

"Nitasema, Bibi. Wiki hii hii nitasema."

Hakusema. Tamasha lilikuwa limeichagua ile filamu, na Venant alimwahidi kwamba ikishinda, yeye Odeta ndiye atakayesafiri nayo kwenye matamasha ya nje. Ndege alikuwa anaziona zikipita juu ya ziwa tu. Akajiambia, tamasha likiisha nitasema.

Bibi Teodora alikutwa amekufa jikoni kwake, siku ya tatu tangu aonekane nje, ameegemea kichanja cha samaki. Moto ulikuwa umezimika. Waliomzika walikuwa sita. Odeta hakuwamo, alikuwa anapanga viti vya tamasha ukumbini kwake.

Jumamosi ya tamasha filamu ilipangwa saa tisa alasiri. Jua lilikuwa kali nje, mapazia mazito yalifungwa ndani, na ukumbi ulijaa mpaka watu wakakaa chini. Majaji walikaa mstari wa mbele na madaftari yao. Odeta alikuwa nyuma, kwenye kichumba cha mashine, anachungulia kwa kile kidirisha kidogo. Filamu alikuwa ameirusha mara kumi na moja. Aliijua kama anavyojua njia ya nyumbani.

Dakika ya arobaini, moshi ukaanza.

Ajuza akainua kichwa.

Hakucheka.

Odeta akatazama mashine. Taa zake zote zilikuwa sawa. Akarudisha macho ukutani. Ngoma zilikuwa zimenyamaza, fisi pia. Wekundu ulikuwa unafifia taratibu, na kitenge cha Bibi kikaonekana rangi zake, kijani na njano, kile cha Pasaka. Akawa amekaa tu. Anatazama. Hakuwa anawatazama watu waliokaa. Alitazama juu ya vichwa vyao, moja kwa moja kwenye kidirisha.

Mlango ukafunguka. Venant akaingia anahema.

"Umeweka nini?" alinong'ona. "Hiyo siyo filamu yangu."

"Sijagusa kitu."

"Zima. Odeta, zima!"

Odeta akachomoa waya. Feni ya mashine ikazunguka mara ya mwisho, ikasimama. Taa ya mashine ikazimika.

Bibi alikuwa bado yuko ukutani.

Watu wakapiga makofi. Walidhani ni ufundi. Kisha makofi yakapungua, moja moja, mpaka mikono yote ikatulia. Spika hazikuwa na umeme. Hata hivyo sauti ilisikika, ya chini, ya mtu anayeongea na mjukuu wake jikoni.

"Waambie."

Venant akarudi nyuma mpaka mgongo ukagonga mlango. Miguu ya Odeta ikamtoa mle chumbani. Alipita katikati ya viti. Hakuna aliyemgusa. Akasimama mbele, mgongo wake kwa ule ukuta, na harufu ya samaki wa moshi ikamjaa puani.

"Huyu bibi," alisema. "Huyu ni Bibi Teodora wa Kiseke. Hakuwa mchawi. Alikuwa anabanika samaki. Alidanganywa."

Nyuma yake, karibu na sikio kabisa, "Na nani?"

Jamani, neno lilikuwa limefika mdomoni! Lilikuwa neno moja tu, na lilikuwa lake. Aliwaona majaji na madaftari yao, akaona sura za majirani wa Kiseke, na binti wa Bibi Teodora kwenye mstari wa nne, ameshika kanga mdomoni.

"Na Venant," alisema. "Venant ndiye aliyemdanganya. Mimi sikujua."

Kitenge kikapotea kwanza. Halafu uso, halafu moshi. Kikabaki kivuli tu cha kikongwe aliyekaa, pembeni ya ukuta. Mtu akafungua pazia, jua likaingia. Kivuli hakikuondoka.

Filamu ikaondolewa mashindanoni. Venant alirudi Bukoba jioni ile ile, na simu hapokei. Odeta watu walimpa pole. Binti wa Bibi alimkumbatia, akalia begani kwake, akamwita dada. Kiseke nzima ikasema, yule ndiye mkweli. Ungemwona siku ile, ungedhani amekumbatiwa na chatu.

Jumatatu aliita fundi rangi, mzee mmoja tunamwita Ngosha. Akapaka mkono wa kwanza, wa pili, wa tatu.

"Dada, huu ukuta una unyevunyevu," alisema Jumatano.

"Mvua haijanyesha mwezi mzima, Ngosha."

"Ndiyo nashangaa. Halafu mimi kile kivuli nilikiacha kule pembeni." Akanyoosha brashi. "Hiki kimefika mlangoni."

Wiki iliyofuata kikawa kwenye ukuta wa kushoto, usawa wa mstari wa tano. Iliyofuata, mstari wa tisa. Sasa hakikuwa kimekaa tena, kilikuwa kimesimama wima. Ngosha akakusanya makopo yake, akaondoka bila kuaga.

Mchana ukumbi ukiwa mtupu, Odeta husimama mbele ya kile kivuli. "Nilishasema, Bibi," hunong'ona. "Nilisema." Kisha husogeza sikio ukutani kama anayesikiliza. Jumapili mbili amekwenda kanisani akiwa ameazimia kusimama na kumaliza maneno yake. Zote mbili, binti wa Bibi Teodora amemwahi mlangoni, amemshika mkono, amemkalisha karibu naye. Neno linarudi chini.

Jumamosi iliyopita walionyesha katuni za watoto. Ukumbi ulikuwa na kelele, bisi, vicheko. Kabinti kamoja ka miaka minne hakakuwa kanatazama mbele. Kalikuwa kamepiga magoti kwenye kiti, kamegeukia nyuma, kanatazama kidirisha cha chumba cha mashine.

"Mama," kakauliza, "yule bibi anamwambia nini anti?"

Mama mtu akageuka. Kule ndani alimwona Odeta peke yake, amekaa wima, mikono mapajani, machozi yanamtiririka na hayafuti. Hakuwa amegeuza shingo kutazama nyuma yake.

Katuni zilipokwisha watoto wakatolewa, mapazia yakafunguliwa. Kuta zote nne za ukumbi zilikuwa tupu, bila kivuli.