Uso Ndani ya Gome

Kisomagome, mashine ndogo ya kusoma gome, kilibanwa kwenye shina la mringaringa kwa mkanda wa mpira. Kikavuma kidogo, kama nyuki aliyefungiwa kwenye chupa, na mti ukaanza kukumbuka.

Hivyo ndivyo watu wa Njombe walivyosema, ingawa mafundi hawakulipenda neno hilo. Miti yote ya Bustani ya Ukungu ilikuwa imechanjwa dawa iliyolifanya gome linase mwanga. Kila msimu uliacha tabaka lake: masika, kipupwe, kiangazi. Kisomagome kilifungua tabaka na kutoa picha ya yaliyopita mbele ya mti. Tabaka likishafunguliwa, halisomwi tena.

Atupele alivuka njia ya matembezi, akasimama pale mumewe alipozoea kusimama.

Kwa miaka mingi yeye na Lwitiko walitembea humo na kamera moja. Masika walipiga picha uyoga na konokono. Kipupwe walifuata jua lilivyopasua ukungu, na kiangazi waliwavizia ndege wakioga kwenye kijito kilichopungua maji. Kila walipofika kwenye mringaringa huu, Lwitiko alimwambia auegemee, naye akarudi ng'ambo ya njia na kamera yake. Yeye mwenyewe hakukubali kupigwa picha. "Sura yangu itaharibu mandhari," alikuwa akisema.

Alipofariki, Atupele alikuta maelfu ya picha zake mwenyewe. Ya Lwitiko ilikuwa moja tu, ya kitambulisho, na haikufanana naye. Sasa uso ulikuwa unamtoka akilini. Yalianza macho, kikafuata kinywa. Lakini mti huu ulikuwa umemwona akishusha kamera na kucheka.

Tabaka la masika lilikuwa limefunguliwa wiki iliyopita. Katika picha iliyotoka, mwavuli ulimfunika Lwitiko hadi mabegani. Leo ilikuwa zamu ya kipupwe.

Sekela, fundi wa bustani, alichomoa picha akaitazama kwa muda mrefu.

"Mama, njoo uone. Huyu ni nani?"

Mbele kabisa ulionekana mgongo wa Atupele wa mwaka jana, amejifunga kitenge cha njano. Ng'ambo ya njia alisimama Lwitiko katika ukungu. Na kando yake, bega kwa bega, alisimama mwanamke mwenye sweta jeusi. Lwitiko alikuwa amegeuka kumtazama, hata uso ukaonekana upande tu.

"Ni mimi," Atupele alisema, akishika sweta lake. "Lakini siku ile sikuwa pale."

"Leo umesimama pale. Gome likifunguliwa, mwanga wa sasa unaingia. Na pale picha ilipofifia, mashine hujaza yenyewe kwa kukisia. Imeona watu wawili wamesimama pamoja, ikaona lazima watazamane." Sekela alishusha sauti. "Na inajifunza kwa kila picha. Mama yangu, la kiangazi tuliache. Uso wake umo humo, mzima."

"Umo kwa faida ya nani? Mti hauna haja nao."

"Ukiharibika je?"

"Na nikimsahau je, Sekela?"

Sekela alikaza mkanda. "Basi safari hii jifiche nyuma ya mti. Usichungulie hata kidogo."

"Utadhani tunacheza kombolela," alisema Atupele. Wote wawili walicheka kidogo, kisha wakagundua kuwa bustani nzima ilikuwa imenyamaza. Hata kijito hakikusikika.

Walijificha. Mvumo ulianza, ukadumu kuliko siku zote, ukakoma. Sekela alichomoa picha, akaishika kifuani.

"Nipe, mwanangu."

Kiangazi kilikuwa cheupe na kikali. Ng'ambo ya njia hapakuwa na mtu. Mbali kabisa, kwenye kona, Lwitiko alikuwa anaondoka, mkono wake begani kwa mwanamke wa sweta jeusi. Kamera ilining'inia ubavuni mwake. Wote wawili walikuwa wameupa mti kisogo.

Atupele alitaka kulia, lakini macho yake yalishuka hadi mbele ya picha.

Mwanamke wa kitenge cha njano hakuwa tena mgongo. Alikuwa amegeuka, viganja vyake vimebana gome kwa ndani kama mtu aliye nyuma ya kioo, na alikuwa anamtazama Atupele usoni. Huyu alikuwa hajafiwa. Alikuwa amesimama apigwe picha na mumewe, akasikia nyayo zikienda, akabaki peke yake.

"Hilo mashine haikulikisia," Sekela alinong'ona. "Haiwezi."

Atupele hakumsikia. Alikuwa ameinama juu ya picha, akitafuta namna ya kumwambia yule aliye ndani ya gome kwamba mumewe hatarudi.